Kutuma ni Bure, Alilipa Mama

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu wa kikundi, hamjambo? Mmeniambia nisimame niseme, basi nasema. Ila wewe mama wa kiti cha mbele usianze kucheka, maana na wewe ulinishauri vibaya.

Mnajua nauza korosho za kukaanga kwa simu. Msimu uliopita mama yangu, kule Mnyambe, alinikabidhi gunia lake lote. "Uza, mwanangu, nipate mabati kabla ya mvua." Nikapiga picha, nikaziweka mtandaoni, na chini nikaandika kwa herufi kubwa: KUTUMA NI BURE, POPOTE TANZANIA. Niliona wa mjini wanaandika hivyo. Wa mjini! Mimi niko Newala, huku juu mlimani, jamani, popote ni mbali!

Oda zikamiminika. Nusu kilo Mwanza. Robo kilo Arusha. Robo, ndugu zangu! Nalipia basi, nalipia bodaboda ya kule mpaka mlangoni kwa mtu, halafu mteja ananiandikia, "Dada, mbona umechelewa?" Nusu gunia ikaisha, bati hata moja sina.

Nikaona nifanye ujanja, ule ulionishauri wewe wa kiti cha mbele. Nikafuta neno bure, nauli nikaificha; mteja akishakubali bei ndipo namtajia. Nawaambieni, nilitukanwa! Mmoja akaniita tapeli mbele ya wateja wote. Iliniuma, maana alisema kweli. Oda zikakatika, na mawingu ndiyo hayo yanajikusanya.

Asubuhi moja, hasira zangu zote nikammalizia muuza maji. Kaja na madumu yake kwenye baiskeli, kataja bei, nikamfokea: "Maji ya bondeni ni ya Mungu, unaniuziaje ghali hivyo?"

Hata hakukasirika. "Bondeni ni bure kweli, Mama Zuhura. Shuka ukachote. Hapa nakuuzia mlima. Na bei nimekutajia kabla sijashusha dumu."

Nimezaliwa hapa, nimelipia mlima tangu utoto, halafu nawapandishia watu wa Mwanza bure! Kweli akili ni nywele.

Siku hiyo hiyo nikaandika upya. Bei ya korosho juu, nauli chini yake, mji kwa mji, mteja aone kabla hajasema ndiyo. Anayetaka robo kilo mbali, aagize pamoja na jirani yake, wachangiane nauli. Waliokimbia, waende salama. Waliobaki walichukua kilo mbili, tatu, na hakuna aliyenitukana.

Nawashukuru nyinyi wa kikundi mliokaa nami kupanga zile nauli. Yule wa maji nimeacha kabisa kumbishia bei.

Mabati ya mama yamepigwa, ila hayakufika jikoni. Jikoni bado nyasi, na juzi mvua imenyesha, kapika kajifunika kanga kichwani. Wala hajanilaumu. Basi ndugu zangu, mkitaka kuandika kutuma ni bure, kwanza jiulizeni nani analipa. Mimi sikujiuliza, akalipa mama yangu.