Kiatu cha Marehemu ni Changu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko shambani, mlioko dukani, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Kassimu. Mzee Kassimu Abdulswamadu, Myao wa Nalasi, mnunuzi wa korosho, aliyeishi nasi hapa Mshangano, Songea, miaka ishirini na miwili. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja. Lakini leso zikae mfukoni kwanza. Mzee mwenyewe aliusia kwamba atakayemlilia bila kumcheka, huyo hakumjua.

Ili mumjue Mzee Kassimu, mjueni jirani yake. Jirani yake ni Pankrasi, Mngoni, mkulima wa mahindi, mgane. Mkewe alipofariki alibaki na mtoto mmoja, Aidan. Aidan alikuwa utingo wa malori ya Dar es Salaam, na huko barabarani akaonja unga. Si unga wa ugali, wasikilizaji. Heroini. Akarudi nyumbani teja. Redio ikauzwa. Majembe yakauzwa. Hata vitenge vya marehemu mama yake vikauzwa.

Pankrasi akafanya kosa ambalo wengi wetu tungelifanya. Alimfungia Aidan ghalani, katikati ya magunia ya mahindi. "Wiki moja bila unga, atakoma." Siku ya pili kijana anatetemeka, anatapika, anajikunja. Pankrasi akavaa koti kwenda kwa mganga. "Mwanangu karogwa!"

Njiani akakutana na Leticia, nesi wa zahanati.

"Shikamoo, baba. Mbona mbio?"

Akamweleza. Leticia akamgeuza palepale. "Hajarogwa, baba. Hiyo ni arosto. Mwili umeshazoea unga, ukiukosa unalia. Uraibu ni ugonjwa, siyo ukaidi. Mfungulie. Mtafutie mahali pa kulazwa, penye watu wanaoijua kazi hiyo. Na fanya haraka, maana siku akizidisha hataamka."

Mahali pa kulazwa! Hapo ndipo Pankrasi alipowajua wakubwa. Ofisi ya kwanza: lete barua. Ofisi ya pili: barua haina muhuri. Ofisi ya tatu: mwenye muhuri yuko semina. Semina ya nini? Ya kupambana na dawa za kulevya! Sambusa zimeliwa, picha zimepigwa, na Pankrasi naye akapewa fulana ya kampeni. "Fulana nimepata," alisema. "Kitanda cha mwanangu sijapata." Hadi leo anaipigia deki. Wasikilizaji, anayekaa kiti kirefu miguu yake haigusi vumbi letu. Tumelisema, na tutalirudia.

Ndipo Mzee Kassimu akaruka ua.

"Wewe Mngoni," alisema, maana watu hawa wawili walikuwa watani, "babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu, wewe ofisi tatu tu zimekuchosha? Niachie mimi. Mimi sinunui korosho kwa kutazama ganda."

Binti yake, Mwanahawa, anatukumbusha maana yake. "Baba alikuwa anachota korosho mkono mmoja, anazipasua kwa kisu, anaangalia ndani. Na zile nyumba za kuwalaza waraibu, zile wanazoziita soba, alizipasua vilevile."

Alipanda basi, akaenda mwenyewe. Nyumba ya kwanza ilikuwa na rangi mpya na mapazia. Mzee akaomba kwenda uani. Uani akakuta mnyororo na fimbo. "Hii imeoza," akaondoka. Nyumba ya pili rangi imebanduka, lakini jikoni vijana wanamenya viazi na kuchekana. Hapo akauliza. Nani anamwangalia mgonjwa siku za arosto? Kuna nesi, na daktari anakuja. Mnapiga? Hatupigi. Akitoka, mnamwacha? Hatumwachi, tunamfuata mpaka kwao. "Hii ni nyeupe ndani," akarudi Songea anapiga mluzi.

Kitanda kimepatikana. Mgonjwa akagoma. "Siendi! Mnataka kunitangaza!"

Mzee hakubishana. Asubuhi iliyofuata aliingia kwa Pankrasi na mkeka kichwani, analia kwa sauti ya kutikisa bati. "Uwiii! Aidan wetu! Nimechelewa kuzika!"

"Mzee, mimi mzima!" Aidan akatoka ndani, peku.

"Kimya! Maiti haisemi." Akazinyakua raba zake mlangoni. Mnaijua mila yetu: mtani akiingia msibani hutwaa kitu cha marehemu, na hakitoi mpaka kikombolewe. Na mtani hakasirikiwi. "Kiatu cha marehemu ni changu. Ukikitaka, kifuate."

Akaondoka nazo mpaka kituo cha basi. Aidan nyuma, peku, anatukana, watu wanacheka, mwisho na yeye anacheka. Pankrasi anasema alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu wamzike mkewe.

Kituoni mzee akaacha mzaha. Akaweka raba chini. "Mdogo wangu Daimu alikufa kwa huo unga. Nilimtukana, sikumtafutia kitanda. Haya, mwanangu, viatu vyako hivi. Kulia kwenu, kushoto basi. Mimi sikukamati."

Aidan akavaa. Akafunga kamba, taratibu. Akaenda kushoto.

Alikaa miezi sita. Akarudi na mashavu. Kisha, tusifichane, mwaka uliofuata akateleza. Pankrasi akataka kumfukuza. Mzee akamzuia mlangoni. "Mkorosho ukirudiwa na ukungu unaukata? Unaupulizia dawa tena, bwana!" Kijana akarudi soba. Tangu hapo ni miaka mitano. Miaka mitano, wasikilizaji, hajagusa. Leo ni fundi pikipiki, na majembe ya baba yake ameyarudisha, mapya.

Basi Jumatano, msibani, watu wameinama. Mara kelele mlangoni. "Uwiii! Nimechelewa kuzika!" Ni Aidan, na mkeka kichwani. Akayanyakua makubadhi ya mzee. "Kiatu cha marehemu ni changu!"

Mjane wa mzee, Bi Zena, akacheka huku machozi yanamtoka. "Tuyakomboe kwa kitu gani, we Mngoni?"

"Hayakombolewi. Haya yanakaa mlangoni kwangu. Teja akija, nitayavaa, nimsindikize kituoni."

"Makubwa hayo, yatakuvuka!"

"Nitavaa soksi mbili."

Bi Zena, Mwanahawa, na ndugu wote wa Nalasi, poleni sana. Mungu amrehemu mzee wetu, amlaze pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini: nyumbani kwako kuna nani umemfungia ghalani, ukisubiri akome? Mfungulie. Muulize nesi. Usiingojee semina. Ukishindwa kabisa, pita Mshangano, kwa fundi pikipiki. Mlango wake utaujua kwa makubadhi.