Mashine ya Kinyozi na Kifua cha Shemeji

Benchi letu ni kiti cha basi kilichong'olewa kwenye gari bovu, kikaegemezwa ukutani kati ya kibanda changu cha kurekebisha saa na saluni ya Kinyozi. Kinatosha watu watatu wanaoelewana au wawili waliogombana. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: mimi, Dobi wa ng'ambo ya barabara tunayemwita Mvuke kwa jinsi hasira zake zinavyopanda na kushuka, na Mwalimu mstaafu, ambaye hajaacha kufundisha, ila wanafunzi ndio waliomwacha. Mama Kahawa alikuwa pembeni yetu na birika lake. Kinyozi akatokea mlangoni pake amekumbatia boksi ambalo ungeweza kulaza mbuzi ndani yake.

— Nini hicho? akauliza Mvuke.

— Mashine ya kufyonza vumbi.

— Ya saluni?

— Ya nyumbani.

— Bei gani?

Kinyozi akaitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Mama Kahawa akaacha kumimina.

— Hebu rudia, akasema Mwalimu. Sikio langu hili lina matatizo.

— Sikio lako zima, Mwalimu. Umesikia.

Wote tulijua habari yenyewe. Kinyozi na mkewe, fundi cherehani, wanaishi chumba na sebule nyuma ya saluni. Shemeji yetu ana kifua. Vumbi likimwingia, anakohoa mpaka anashika ukuta. Wiki iliyotangulia alikohoa usiku kucha, kulipokucha akaenda kukaa kwa dada yake mpaka nyumba ipumulike. Kinyozi alikuwa akinyoa watu huku anaangalia barabara. Mteja mmoja aliondoka na upande mmoja mfupi kuliko mwingine, akaogopa kulalamika.

— Leo anakuja, Kinyozi akasema. Akipumua vizuri, anabaki. Akikohoa, anarudi kwa dada yake. Nimefagia, nimedeki, nimepangusa, vumbi bado lipo. Ndiyo nimenunua hii.

— Kwa bei hiyo, akasema Mvuke, mimi ningeajiri mtu alale humo ndani na feni.

— Feni inapeperusha. Hii inafyonza.

— Ndipo ninapoogopa. Inafyonza na rangi. Mimi ni mtu wa nguo, najua. Mwezi mmoja tu, pazia lako litakuwa jeupe kama shuka la hospitali.

Mwalimu akaweka kikombe chini. Hiyo ni dalili mbaya.

— Suala si rangi, suala ni hewa. Chumba kina hewa yake, kiasi maalumu. Hiyo mashine inavuta hewa pamoja na vumbi. Mkifunga dirisha, mtakuwa mnapumua nini?

— Inaitoa kwa nyuma, Mwalimu.

— Inaitoa ikiwa imechoka.

— Kumbe ndiyo maana watu wenye nyumba kubwa wanapiga miayo hivi, akasema Mvuke.

— Nyinyi wanaume mna shida, akasema Mama Kahawa. Mtu kamnunulia mkewe pumzi, nyinyi mnahesabu hewa. Kinyozi, umefanya vizuri. Ila uwe makini na pete. Binamu yangu alikuwa anafanya usafi hotelini. Mashine kama hiyo ikameza pete ya ndoa ya mgeni, na jioni ileile mgeni na mkewe wakaomba vyumba tofauti.

— Kwa sababu ya pete?

— Mimi nasema nilichosikia.

Nikaona nimsaidie jirani yangu. Nikasema vumbi ndilo linaloua saa, na kama linaua chuma, litashindwaje kifua. Hapo ningepaswa kunyamaza. Lakini benchi lile lina namna yake ya kukusukuma mbele. Nikaongeza kwamba, siku zinakokwenda, watu watafyonzwa vifua moja kwa moja, wamekaa zao kitini, dakika mbili mtu anakwenda zake kazini.

Kinyozi akautazama mpira wa kufyonzea wa mashine kwa muda mrefu.

— Usithubutu, akasema Mama Kahawa.

Basi Kinyozi akaona maneno yamekuwa mengi. Akavuta waya kutoka saluni, akatuamuru tusimame, akaiwasha. Ikanguruma mpaka tukakaza miguu. Akaipitisha kwenye benchi mara moja, akarudia, na nyuma yake ukatokea mstari wa kijani. Kijani kabisa, kama jani la mgomba. Sote tuliamini kiti kile ni cha kijivu.

Mvuke akainama akaugusa.

— Yaani muda wote huu nimekalia kijani, akasema kwa upole ambao hatukuuzoea. Kinyozi, bei si mbaya sana.

Ikaingizwa ndani ikafanya kazi. Sisi tukabaki nje tukikalia rangi yetu kwa heshima.

Shemeji akafika kabla ya saa sita, pamoja na dada yake, mama mrefu ambaye hakuwahi kukanyaga kona yetu. Tukasalimiana. Kinyozi alikuwa amevaa shati safi na amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Dada mtu akaingia na mdogo wake kukagua.

Tukasubiri, na Mwalimu hata kahawa hakunywa. Kinyozi alibaki nje pamoja nasi. Halafu tukasikia kikohozi ndani, kimoja, kidogo. Kinyozi akafumba macho. Tukangoja cha pili. Hakikuja.

Shemeji akatoka.

— Ni afadhali, akasema. Afadhali sana, mume wangu. Kimebaki kitu kidogo tu hapa kooni.

Kinyozi akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Nyuma ya shemeji akatokea dada mtu, akijipangusa manyoya kwenye sketi.

— Shemeji, naomba kuuliza, akamwambia Kinyozi. Lile zulia la manyoya sebuleni, limeshika vumbi la dunia nzima. La nini?

Mvuke akanitazama. Mimi nikamtazama Mwalimu, naye akatazama ndani ya kikombe. Tulikuwa tumejadili rangi, hewa, pete na vifua vya watu wa kesho. Zulia hakuna aliyeligusa.

— Ni la mke wangu, akasema Kinyozi. Analipenda.

— Nani, mimi? akasema shemeji.

— Si ulilisifia siku ile shangazi alipotuletea?

— Nililisifia kwa sababu shangazi ni wako. Nikadhani wewe ndiye unalipenda. Nimelivumilia kwa ajili yako tangu tuoane.

— Mimi linaniwasha miguu, akasema Kinyozi.

Wakatazamana. Shemeji ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akamshika mumewe bega, na Kinyozi naye akacheka huku akifungua kifungo cha shingoni.

— Sasa mashine inarudishwa dukani? akauliza Mvuke, na mkono wake uko juu ya kijani.

— Hairudi popote, akasema shemeji. Wenye nywele zao watakuja kesho, na saluni nayo ina sakafu ya kufyonzwa.

Tukaingia wote kulitoa zulia. Lilikuwa zito kama mtu aliyelala. Mwalimu alitembea kinyumenyume mbele yetu akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata, na Mama Kahawa akashika mlango huku akipiga chafya. Dada mtu alibaki kando, mkoba mkononi.

— Haya, twende ukachukue vitu vyako vilivyobaki kwangu, akamwambia mdogo wake.

— Nenda tu, dada, utaniletea, akasema shemeji. Mimi nimeshafika.