Kikao Kilichofumba Macho ya Magurudumu

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi. Mchungaji wetu pamoja na mama mchungaji. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi. Wazee wa kanisa kwa heshima yenu, na wajumbe wa kamati ndogo kwa wingi wenu. Wanakwaya mliopendeza ndani ya majoho niliyoyashona. Ndugu waalikwa, na ninyi mliokuwa mnapita zenu mkaona hema na viti pale mlangoni mkaingia: Bwana asifiwe sana.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya waumini wa kawaida. Mimi ni fundi cherehani, ni mjane, na nakaa chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, kwa hiyo ukawaida ninao wa kutosha. Niliambiwa pia nisizidishe muda na nisimtaje mtu. La muda nitajitahidi.

Ukuta huu ulio nyuma yangu, ambao Baba Askofu ataufunua punde, una historia. Mwaka jana Mchungaji alituhubiria maono ya nabii Ezekieli. Akatueleza kwamba nabii huyu alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka na wenzake, wakapelekwa nchi ya mbali, hekalu likabaki nyuma, nao wakaamini kwamba na Mungu amebaki nyuma pamoja na hekalu. Ndipo huko ugenini, kando ya mto, akaona mbingu zimefunguka, na kiti cha enzi, na chini yake magurudumu yaliyojaa macho pande zote.

Sasa niwaulize, wapendwa: kiti cha enzi kina haja gani ya magurudumu? Mfalme asiyetoka kwake anataka magurudumu ya nini? Mchungaji alisema siku ile, na mimi nikayashika, kwamba Mungu alikuwa amewafuata watu wake huko walikotupwa, na macho yale yalikuwa ya mzazi anayemtafuta mtoto sokoni, wala si ya askari anayemtafuta mwizi. Lilikuwa hubiri zuri. Wazee wetu walilisikiliza mwanzo hadi mwisho, wakatoka nalo jambo moja: kwamba ukutani litapendeza.

Akaitwa mchoraji wetu, huyu tunayemwita Brashi. Kazi zake mnazijua: saluni zote za mtaa huu, gereji, na lile bango la duka la miwani. Kwa yote Brashi ni fundi, ila kwa macho ni bingwa. Akachora magurudumu ukuta mzima, akayajaza macho makubwa, yenye kope, meupe kama maziwa, na popote ulipoketi, jicho moja lilikuwa lako.

Jumapili ya kwanza hakuna aliyesinzia. Ya pili, wale waliozoea kusoma ujumbe wa simu ndani ya kitabu cha nyimbo wakaanza kuimba kweli. Ya tatu, ndugu zetu wanaotorokea mlango wa pembeni mahubiri yakianza wakakuta jicho limechorwa juu ya mlango wenyewe, wakarudi kukaa. Mngedhani tungeshangilia. Badala yake kukaitishwa kikao.

Mimi si mjumbe. Niliitwa nipime pazia la kuufunika ukuta, basi nikawa nimepiga magoti na futi yangu huku wakubwa wakijadili. Ajenda ilikuwa moja: Macho. Mmoja alisema yanawatisha watoto, ingawa watoto ndio pekee waliokuwa wakiyapungia mkono. Mwingine, Mungu amrehemu, alipendekeza yavalishwe miwani ya jua. Aliyesema kwa uchungu kuliko wote ni Mwenyekiti wetu wa Ujenzi, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa amehama benchi lake la mbele na kujibanza nyuma ya nguzo. Akatoa hoja kwamba, kwa ajili ya utulivu wa ibada, yachorewe vifuniko. Watu wakatazamana. Kila mmoja akajisemea moyoni, huyu ana lake jambo, na kila mmoja akamuunga mkono kwa sababu naye alikuwa na lake. Mikono ikainuliwa. Hivyo ndivyo sisi, tunaokariri kila siku kwamba Mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali, tulivyompigia kura alale.

Brashi akayafumba macho yote kwa rangi ya udongo. Utulivu ukarudi, na wenye kusinzia wakasinzia.

Haikupita muda nikashikwa na homa ya mapafu. Ilinianza kama mafua tu. Nikasema nitamalizia kwanza majoho ya kwaya, ndipo nilale. Nilipolala, sikuinuka. Nilikuwa naona maji pale juu ya meza na siwezi kuyafikia. Jumapili ikapita, sikuonekana kanisani. Nisiwe mchoyo wa shukrani: kanisa halikunisahau kabisa. Simu yangu ililia, nikajikokota nikaisoma. Ujumbe ulitoka kwa kwaya, ukiuliza majoho yamefikia wapi.

Hapo ndipo anaingia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekaa pale nje chini ya hema na kukataa kiti cha ndani. Yeye si wa kanisa hili, na kwa maelezo yake si wa kanisa lolote. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mwembamba. Tangu tumzike kaka yake tulikuwa hatusalimiani, na kisa ni cherehani. Alisema linamtoboa kichwa, nikamjibu kwamba ndilo linalonilisha, yakatoka maneno ambayo hayafai mbele ya Askofu. Tukawa tunapishana uani kama watu wasiojuana.

Basi cherehani likanyamaza. Yeye mwenyewe ananisimulia kwamba siku ya kwanza alifurahi, akasema leo nitalala mchana kama binadamu. Akajilaza. Usingizi haukuja. Kesho yake akajikuta amekaa kitandani anausikiliza ukuta. Mwisho akatoka, akagonga, akaita, akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Alinikuta sina hata sauti ya kumwambia karibu. Akanibeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha gari la mizigo, akanifikisha hospitali akinigombeza njia nzima kwa nini sikupiga ukuta.

Nilipokuwa bado nimelazwa, alikuja hapa ibadani. Wakati wa matangazo alisimama bila kuitwa. Wengi wenu mlikuwepo. Alisema, "Fundi wenu yuko hospitali. Ninyi mna ukuta wa macho, mkaufumba. Mimi nina ukuta wa matofali tu, nikasikia." Kisha akaenda zake, na Mchungaji akaacha matangazo, akaomba.

Na kanisa lilifanya nini? Liliunda kamati ndogo! Inaitwa Kamati Ndogo ya Kuwaona Wasioonekana. Ilijadili sana nani aje kunitazama, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na dharura, akateuliwa Mwenyekiti wa Ujenzi.

Haya yanayofuata amenipa ruhusa niyaseme. Nilimuuliza mara mbili.

Alinikuta nimesharudi nyumbani. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukagua nyufa. Akaketi juu ya vitambaa vyangu, akaulizia afya yangu, akasifia dari, ambalo halina sifa yoyote. Kisha macho yake yakatua kwenye koti la marehemu mume wangu, lililoning'inia pale pale alipoliacha. Akaniuliza nilianza lini kuimba tena. Sikumwelewa. Ndipo akaniambia kwamba tangu amzike mke wake, anafungua kitabu cha nyimbo, midomo inacheza, lakini sauti haitoki, na kuomba pia hawezi. Alikuwa amejificha hivyo miaka, na hakuna aliyejua, mpaka Brashi alipochora lile jicho lililotazama mdomo wake moja kwa moja. Alidhani linamshitaki.

Mimi si mwanatheolojia, ila nikiwa kitandani nilikuwa nimerudia habari za Ezekieli, na kuna mahali pananiumiza. Nabii huyu naye alifiwa na mkewe, aliyekuwa furaha ya macho yake. Alifiwa jioni, na Mungu alikuwa amemwagiza asilie, awe ishara kwa taifa lililokuwa karibu kupoteza kila kitu. Sijawahi kuisoma bila kusita. Nikamwambia, "Nabii alikatazwa kulia kwa agizo maalumu. Wewe nani alikukataza?"

Akasema, "Mimi ni Mwenyekiti."

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, uso ameufukia ndani ya joho la kwaya ambalo halijapigwa pindo. Wifi yangu akasikia kupitia ukuta. Akaja na chai, akaiweka, hakuuliza neno, akakaa nasi mpaka ikapoa.

Kutoka kwangu Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja kwa Brashi akamwambia ayafumbue macho yote. Hakukuwa na kikao, ajenda, wala kamati ndogo, na Baba Askofu, naomba uifahamu historia uliyoijia leo: kwa kumbukumbu zangu hii ndiyo kazi ya kwanza ya kanisa hili kufanyika bila kupigiwa kura.

Basi ukishavuta pazia, mtakaoona aibu, oneni. Ila msikimbilie nguzo. Yule anayetutazama alimfuata mateka hadi ugenini, na mimi alinifuata hadi nyuma ya kituo cha mafuta, akija kwa bega la mwanamke aliyekuwa amenikasirikia.

Jumapili iliyopita Mwenyekiti aliimba, beti zote, kwa sauti yake yote. Na kwa kuwa tuko mbele za Mungu anayeona na kusikia, sitadanganya: anaimba vibaya sana, na hakuna aliyetamani anyamaze.

Kwa kunipa masikio yenu mpaka hapa, nawashukuru. Baba Askofu, pazia ni lako.