Bugali ya Bafungwa

Mwaka wa 1965, juu ya kamyo ya kutoka Butembo kuenda Beni, Mama Orpa alikaa mbele yangu na kitunga ya bugali na sombe ya majani ya muhogo. “Ni ya Simba, bale baasi benye kufungwa Beni,” akasema. Karani Mukendi, mutu wa Kasai, akaruka: “Si bo balichoma kanisa yenu?”

“Balichoma kanisa. Mafiga yangu hapana.”

“Bamisionere bote balikimbilia Uganda! Nani alikutuma kazi ya Mungu?” “Njaa yabo,” mama akajibu. “Njaa hapana pasteri!” karani akapinga, lakini pua yake ilikuwa tayari ndani ya kitunga.

Kwa bariere ya askari kamyo ikasimama. Soda mumoja wao akapanda, akaweka buti juu ya kitunga. “Unabeba nini?”

“Ibada,” Mama Orpa akajibu. “Ondosha mguu. Ingali moto.”