Birika la Dirishani

Mbele ya duka la vyombo la Bwana Kirit, katika barabara inayoshuka kutoka sokoni Nakuru kuelekea stesheni ya reli, palikuwa na benchi refu la mbao lililolainishwa kwa kukaliwa. Hapo Truphosa aliuza kahawa yenye tangawizi, na hapo sisi tuliotoka kazini Jumamosi adhuhuri tulikutana kuamua mambo ambayo hakuna aliyetuomba tuyaamue. Alikuwapo Hezekiah, tuliyemwita Risala, kwa kuwa hapakufungwa ndoa mjini bila yeye kusimama kusema neno. Alikuwapo Zeddy, turnboi, utingo wa lori la mahindi, tuliyemwita Spidi ingawa lori lenyewe lilipitwa na baiskeli. Na alikuwapo Waithaka, mpiga kengele wa kanisa, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Kengele, maana sikio halikuweza kutofautisha sauti yake na kazi yake. Jumamosi hiyo, mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tano, tulimkuta Truphosa kainama juu ya jiko, hacheki. Birika lake lilikuwa limetoboka tena. Alikuwa ameliziba kwa kipande cha sabuni, na kahawa ikamiminika na povu.

— Fundi amesemaje? aliuliza Hezekiah.

— Amesema hapana bati lililobaki la kulehemu. Ati nimpelekee birika, nisimpelekee matundu.

— Sasa?

— Sasa leo ndiyo mwisho. Jumatatu naenda Rongai. Kuna shamba wanataka mtu wa kufua nguo. Nimeshakubali.

Benchi bila Truphosa lingekuwa ubao tu, na sisi wanaume waliokalia ubao.

Hapo hapo Bwana Kirit alitoka dukani, kitambaa cha kupangusia kikiwa begani na chaki mkononi.

— Jambo, wazee ya benchi! Leo nataka nyinyi mnifanyie kazi.

— Kama ni kubeba, mgongo wangu umebaki kwa lori, alisema Zeddy.

— Hapana kubeba. Kazi ya mdomo.

— Hapo umefika, alisema Truphosa bila kuinua macho. Mdomo wanao.

Bwana Kirit alieleza. Diwali, sikukuu yao ya taa, ilikuwa Jumatatu, na siku ile ya Jumamosi, kwa desturi ya kwao, kila nyumba hununua chombo kipya cha madini, chombo chenye kung'aa, ili baraka iingie pamoja nacho. Wahindi wenzake wangekuja jioni. Lakini mwaka huu alitaka na watu wa mashamba, waliokuwa wakipita kwenda sokoni na kurudi, nao wasimame. Alikuwa na ubao mweusi mlangoni, na neno la kuandika alikuwa amekwisha kulichagua.

— Neno ni kumeremeta. Mimi napenda hii neno sana. Ukisema, mdomo yenyewe inang'aa. Lakini sentensi sina. Kila mwaka naandika vyombo mzuri, vyombo mzuri, watu napita tu. Sasa sikia. Mtu akinipa sentensi moja, iko na kumeremeta ndani, na mtu ya shamba akasimama hapa mlangoni kwa sababu ya hiyo sentensi, mimi nampa ile.

Akanyoosha chaki kuelekea dirishani. Juu ya kitambaa chekundu lilikaa birika jipya la alumini, ambalo kila asubuhi alilipangusa vumbi la Nakuru kwa upole wa mtu anayempangusa mtoto uso.

— Bure? Zeddy aliruka.

— Bure hapana! Bure naharibu duka. Ni mshahara ya sentensi.

Macho yetu yote yalimgeukia Truphosa.

— Dada, weka maji, alisema Waithaka. Huendi Rongai.

— Niweke ndani ya nini, Kengele? Ndani ya kofia yako?

Hezekiah alikuwa amekwisha kusimama. Alifunga vifungo vya koti, akasogea ukingoni mwa baraza, akainua mkono.

— Enyi wakulima na wafugaji! Tazameni jinsi birika hili linavyomeremeta mithili ya uso wa ziwa letu, saa jua linapochomoza na flamingo hawajaamka!

Mwanamume aliyebeba kuku kwapani alipita. Kuku aligeuza shingo akamtazama Hezekiah kwa makini. Mwenye kuku hakugeuka.

— Kuku amesikia, alisema Zeddy.

— Kuku hanunui, alisema Bwana Kirit.

— Risala, ndugu yangu, alisema Zeddy, umetia maji mengi. Na ziwa lenyewe linanuka. Nani atakunywa chai akikumbuka ziwa? Sentensi inataka mwendo. Kaa chini usikie.

Zeddy alipanda juu ya benchi.

— Birika hii inameremeta mpaka dereva akiwa Timboroa anafunga breki, anadhani ni taa za lori linakuja!

— Timboroa? alisema Hezekiah. Katikati kuna milima mizima.

— Ndiyo utamu wake. Mwanga unapanda mlima.

— Mwanga haupandi mlima, Spidi.

— Hata lori letu walisema halipandi.

— Na halikupanda! Waithaka alinguruma. Mimi nilikuwa juu ya magunia. Tulishuka tukasukuma!

Wanawake wawili wenye kabichi vichwani, waliposikia lori na breki zikitajwa kwa kelele namna ile, walivuka mbio hadi ng'ambo ya barabara. Truphosa alianza kuvifuta vikombe alivyokuwa amekwisha kuvisuuza.

— Nyinyi mnapamba neno ambalo hamlijui, alisema Waithaka, naye akasimama. Kumeremeta ni nini? Ni rangi? Hapana. Ni moto uliolala. Mnaona mlima wa Menengai pale juu? Ule moto wa zamani mnadhani ulizimika? Ulikimbia chini ya ardhi ukaingia ndani ya madini. Kila chuma kina moto wake. Bwana Kirit akipangusa, anauamsha.

— Na kiatu changu? aliuliza Hezekiah. Kinameremeta, na ni ngozi.

— Ng'ombe huyo alilishwa Menengai.

— Na upara wa karani wa stesheni?

— Ulizeni mama yake alimzalia wapi!

Tulicheka hadi benchi likayumba. Hata Truphosa aliziba mdomo kwa kanga. Waithaka hakungoja tunyamaze. Alivuta pumzi na kuitoa yote kwa mara moja, kama Jumapili.

— Njooni! Njooni mwone moto wa Menengai unaomeremeta bila kuni!

Mzee mmoja mwenye bakora alisimama.

— Amesimama! tulipiga kelele sote. Amesimama, Bwana Kirit!

Mzee alichungulia dukani.

— Moto uko wapi?

— Ndani ya birika, baba.

Mzee alilitazama birika, akamtazama Waithaka kuanzia kofia hadi viatu, akasema jambo kwa Kikikuyu na kwenda zake.

— Amesema nini? aliuliza Zeddy.

— Amesema tubaki salama, alijibu Waithaka, lakini hakututazama.

— Birika ni letu, alisema Hezekiah. Mtu wa shamba amesimama.

— Hapana! Bwana Kirit alitikisa chaki. Huyu nasimama kwa moto. Hapana simama kwa kumeremeta.

— Kusimama ni kusimama!

— Kama nyumba ya mtu iko naungua, pia yeye nasimama. Hiyo si sentensi, hiyo ni hatari.

Hapo mambo yalitoka mikononi mwetu kabisa. Hezekiah alidai kwamba mwezi ni sufuria ambalo mmoja wa malaika alilisugua na kusahau kulirudisha kabatini, na kwamba sentensi ikitaja hivyo, watu watasimama mpaka Gilgil. Zeddy aliapa kwamba huko Keringet chui aliingia zizini, akajiona katika sufuria lililoanikwa uani, akajisalimia kwa heshima, kisha akarudi msituni kuwaita jamaa zake waje waone mgeni. Waithaka alisema ndege za Ulaya haziwezi kutua Nakuru Bwana Kirit akiwa anapangusa. Kila mmoja alipaza sauti juu ya mwenzake, wote wakilitumia neno lile mbele na nyuma: linameremeta, limemeremeta, litameremeta mpaka kiyama. Watu wa mashamba walipita na magunia yao, wakatuacha kama wanavyowaacha walevi wa mchana.

Kisha tukasikia vikombe vikigongana. Truphosa alikuwa anavipanga kikapuni.

— Kahawa imebaki kidogo, alisema. Anayetaka aseme. Nataka nifunge kabla jua halijashuka.

Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuimaliza. Hezekiah alifungua kifungo cha koti na kukifunga tena.

Hapo ndipo tulipomwona mwanamke amesimama mbele ya dirisha. Hatukujua amesimama tangu lini. Alikuwa na kitambaa kichwani, gunia tupu la viazi limekunjwa kwapani, na macho yake yalikuwa juu ya birika.

— Karibu, mama, alisema Bwana Kirit haraka. Jina nani? Natoka wapi?

— Cheptanui. Natoka Keringet. Nimekuja kutafuta birika.

— Hapa ndiyo nyumbani ya birika!

— Naiona. Aliinama, akalitazama upande huu na upande ule. Nataka kuuliza. Hii ikikaa motoni wiki moja, bado itameremeta?

Hezekiah alimgeukia Zeddy. Zeddy alikuna kisogo. Waithaka alitazama Menengai.

— Jibu, Kengele, alinong'ona Zeddy. Wewe ndiye wa moto.

— Sisi tulikuwa kwenye sentensi, alisema Waithaka. Hatukuwa tumefika jikoni.

— Kwani hiyo itameremeta au haitameremeta? Cheptanui aliuliza tena, kwa sauti kubwa kidogo, akidhani hatukusikia.

Na hapo barabara ilisimama. Wanawake wa kabichi walivuka kurudi. Mwenye kuku alirudi. Mama mmoja aliteremsha gunia la mkaa chini, akashika kiuno, akangoja. Kila aliyefika aliuliza kuna nini, na aliyetangulia akalirudia swali: birika likishika moto, litameremeta? Bwana Kirit alituangalia sisi, akauangalia umati, kisha akageuka polepole, akaandika maneno ya Cheptanui ubaoni, herufi kwa herufi.

— Sentensi iko hii, alisema. Wamesimama.

Truphosa alikifunika kikapu chake.

— Bwana Kirit! Hezekiah alilia. Lile ni swali!

— Swali pia iko sentensi. Mama, hii birika ni yako.

— Yangu kwa nini? Mimi sijashindana na mtu, alisema Cheptanui. Nimetoka mbali kununua. Niambie kwanza.

Bwana Kirit alikishika kitambaa chake kwa mikono miwili.

— Mama, kweli mimi sijui. Tangu baba yangu, kazi yetu ni kupangusa na kuuza. Motoni mimi sijaweka.

— Weka tuone, basi.

— Ikishika moshi hairudi dirishani!

— Basi nami naendelea na safari.

— Weka! Weka! umati ulipokea. Weka tuone!

Bwana Kirit aliutazama umati ambao mlango wake haukupata kuuona tangu ujengwe. Aliingia ndani, akalitoa birika juu ya kitambaa chekundu, akamnyooshea Truphosa.

— Jaza, mama. Leo kwetu chombo mpya haichukuliwi tupu.

Truphosa aliyamimina maji, akatia kahawa, akatia tangawizi yote iliyobaki. Kifuniko kilipiga kelele ndogo kilipoketi. Aliliweka juu ya makaa, akapepea. Tulisukumana kuinama. Katika ubavu wa birika tulijiona sote, warefu na waliopinda, Bwana Kirit na wakulima na kuku, kila mtu akiitafuta sura yake. Moshi ulianza chini. Ulimchukua Zeddy, aliyekuwa ameinama kuliko wote. Ulipanda ukala vifungo vya Hezekiah. Ukafika kwenye kitambaa cha kichwa cha Cheptanui, nacho kikapotea. Palipobaki mng'ao kama ukucha karibu na kifuniko, maji yalichemka, na hapo nao ukaenda.

— Haimeremeti, alisema mwenye kuku kwa huzuni.

Truphosa alimimina. Cheptanui alionja, akarudisha kikombe mdomoni, akamaliza. Kisha alichuchumaa, akaliinua birika kidogo kwa kitambaa, akachungulia makaa.

— Haimeremeti, alisema. Lakini makaa makavu. Haikuvuja hata tone. Bwana, nipe kama hii.

— Hii ni yako, mama! Ya sentensi!

— Hiyo nyeusi? Nimetoka Keringet kutafuta mpya.

Mama wa mkaa alitaka kama ile pia. Wanawake wa kabichi walikuwa wamekwisha kuingia dukani, na Bwana Kirit akawafuata mbio, akisahau chaki sikioni. Tulimsikia ndani akipanda ngazi, akishusha, akiomba wasisukumane. Truphosa alisimama mlangoni na birika mkononi, akangoja mpaka alipotoa kichwa.

— Bwana Kirit. Birika yako hii.

Aliliangalia lilivyochafuka kwa masizi.

— Mimi nauza vyombo mpya, mama, alisema, na kichwa kikarudi ndani.

Truphosa alirudi, akaketi, akalirudisha birika juu ya makaa, akavuta kikapu kilichofunikwa.

— Na Rongai? aliuliza Hezekiah, taratibu.

— Rongai watafua wenyewe, alisema Truphosa, akaanza kuvitoa vikombe.