Meno Manne ya Binti wa Fundi

Benchi letu limeegemea ukuta katikati ya kinyozi, ndiye mimi, na Fundi, anayeshona sare za shule za mtaa mzima. Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa limejaa na hakuna aliyemimina kikombe cha pili. Fundi alikuwa anakanyaga cherehani kama anaikomoa. Binti yake wa miaka sita amevimba shavu, siku ya tatu hali kitu, na daktari amesema kesho anang'olewa meno manne kwa mpigo. Mtoto huyo ananiita Baba Mdogo. Nilikuwa na hasira mpaka wembe nikauweka chini, nisije nikamkata mtu.

— Mwaka mzima, — alisema Fundi. — Kila usiku anapiga mswaki, hakosi. Halafu yaoze manne? Kuna mtu ametufanyia hila.

Na kweli alikuwa hakosi. Zamani ukimwonyesha mswaki anajificha uvunguni. Sisi wa benchi tukakaa kikao, tukabuni mpango: akipiga mswaki, anapata tuzo. Hazikupita wiki mbili, mtoto anaudai mswaki mwenyewe. Tulijisifu, tukajisifu tena. Kila mzazi aliyeleta mtoto kunyolewa nilimgawia mbinu hiyo bure.

Breki, dereva wa lori aliyestaafishwa na mgongo, alisema kosa ni maji ya bomba. Yeye eti amekunywa maji ya mitaroni miaka ishirini na meno yake yote yapo. Nikamwambia mimi ndiye ninayemnyoa ndevu, na mapengo yake nayafahamu moja moja. Akanuna.

— Ni penseli, — alidai Profesa, ambaye elimu yake yote ni kufagia maabara ya shule. — Wanazitafuna darasani. Ile nyeusi ya ndani inapanda kwenye fizi.

— Kwani penseli zimeanza jana? — nilimuuliza. — Sisi hatukuzitafuna?

— Basi ni mnara wa simu. Jino ni mfupa, na mfupa unavuta mawimbi. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

— Profesa, mtoto anaumwa, wewe unatuletea mvua.

Tukaanza kufokeana wote. Fundi akaapa anakwenda shuleni kumkunja mwalimu mkuu shati, na akitoka huko anamfuata mwenye duka aliyemuuzia dawa ya meno. Alikuwa ameshavua hata tepu ya kupimia shingoni.

Hapo akafika mama mmoja, mgeni kwetu, ameleta sketi ya shule ya kupunguzwa kiuno. Alisubiri tushushe pumzi, kisha akauliza kwa upole:

— Samahanini, kaka zangu. Hiyo tuzo ya mtoto ni nini?

— Pipi, — akajibu Fundi. — Moja tu. Akishapiga mswaki, akishapanda kitandani.

 Mama yule alitutazama mmoja mmoja, akaiweka sketi juu ya meza. Nami nikaukumbuka mchango wa Breki siku ile ya kikao: mwenye pupa hadiriki kula tamu, kwa hiyo mtoto afundishwe kuimumunya polepole mpaka usingizi umchukue. Tulimpigia makofi. Pakiti ya kwanza niliinunua mimi.

— Nimempa kwa mkono wangu huu, — alisema Fundi, na akakaa chini.

Nilitaka kumtukana Breki, nikakosa pa kuanzia. Hasira ilikuwa ile ile, ila sasa imenigeukia mwenyewe, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ni ngeni kabisa.

Pazia la mlango wa Fundi likasogea, mtoto akatoka, shavu limefungwa kwa kitambaa cha mama yake. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaniegemea gotini.

— Baba Mdogo, — alisema kwa upande mmoja wa mdomo, — kesho nisipolia, mtanipa tuzo yangu?

Niligeuka kuwatazama wenzangu. Breki alikuwa anakagua viatu vyake, Profesa amezama kwenye kikombe kitupu, na baba mtu ameushika uso wake kwa mikono miwili. Mtoto akanivuta shati, akauliza tena.