Flashi ya Harusi ya Matungu

Abdulmalik, mpiga picha wa Mumias, aliisukuma kamera yake chini ya kiti aliposikia harusi ya Matungu ikitajwa. Filamu ilikuwa imemwishia kabla ya pilau, lakini mashangazi walikuwa bado wamejipanga, akaendelea kuwamulika hivyo hivyo. Sasa treni ya Butere ilimkalisha mbele ya mmoja wao. Bahati yake, siku ile uso wake ulishinda nyuma ya kamera.

"Alinipiga flashi mpaka nikaona vimulimuli," shangazi alikuwa akimwambia mama mmoja aliyempakata kuku. "Picha zangu ziko, anaziosha."

"Mwanga si picha, dada. Hapa Kakamega radi inamulikanga kila jioni. Nani ashaletewa picha?"

"Kwani radi ilishakuambia, 'Meno, mama, meno'?"

Treni ikafunga breki stesheni, kamera ikateleza toka chini ya kiti cha Abdulmalik hadi miguuni mwa shangazi, naye akamgeukia. "Kumbe wewe ni fundi! Tupige basi, tumalize ubishi."

Abdulmalik, aliyekuwa safarini kununua filamu, akaiinua kamera. "Meno, mama, meno!" yakamtoka kwa mazoea.

Flashi ilipowaka, ilimkuta shangazi ameshafunga mdomo, anamkazia macho.